Makaa Hayaivi

Mwezi wa saba Kyumbi hauna huruma. Upepo unatoka uwanda wa Konza, unavuka barabara kubwa bila kuangalia kushoto wala kulia, unamkuta mtu mifupani. Siku hizo wauza machungwa huvaa makoti mawili. Waendesha boda boda hujikunja juu ya pikipiki zao kama kuku walionyeshewa.

Pale karibu na njia ya kuingia Machakos, Mutheu alikuwa na kibanda cha samaki. Kilikuwa cha mabati, chenye meza moja na mabenchi mawili. Samaki wake walitoka bwawa la Masinga. Aliwapasua, akawatia chumvi na ndimu, akawakaanga nje kwenye karai kubwa mpaka ngozi ikalia kra-kra. Kwa kukaanga samaki, Mutheu hakuwa na mwalimu wala mpinzani. Yeye alilijua hilo, na wateja walilijua.

Nyuma ya meza, ndani ya katoni kubwa iliyotandikwa leso, alilala binti yake Mwendwa. Mwendwa alikuwa na miezi tisa na kifua kisichopenda baridi. Mwezi wa sita alikohoa wiki mbili. Tangu hapo Mutheu aliogopa baridi kuliko nyoka.

"Baba Mwendwa," alimwambia mumewe, Musili, "hii mbevo, hii baridi, itaniulia mtoto. Nifungie hiki kibanda upepo usiingie."

Musili alikuwa fundi seremala, na alipenda kazi inayoonekana. Jumamosi alikuja na nyundo, misumari, magunia na karatasi ya nailoni. Akaziba nyufa za mabati. Akaziba ile nafasi kati ya ukuta na paa. Dirisha akalipigilia mbao. Mlangoni akatundika blanketi kuukuu. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu, akatazama, akatabasamu.

"Sasa hata panya akitaka kuingia, lazima abishe hodi."

Lakini mabati ni mabati. Ndani bado palikuwa baridi. Ndipo Mutheu akakumbuka maneno ya mama yake, ambaye naye aliyapata kwa mama yake: "Makaa mabichi usiingize ndani. Ngoja yaive." Makaa yanapoanza kuwaka hutoa moshi na kuwasha macho. Yakishaiva huwa mekundu, hayana moshi, hayana harufu. Sheria hiyo Mutheu aliifuata sawasawa. Kila siku, akishakaanga samaki wa mchana, alingoja makaa yawe mekundu kabisa. Halafu alibeba jiko, akaliweka ndani kando ya meza, akashusha blanketi. Karibu na jiko aliweka beseni la maji, kwa sababu watu husema maji hunyonya ubaya wa makaa.

Joto likajaa. Wateja nao wakajaa.

"Aiya! Hapa ni Mombasa!" alisema Maundu, kijana wa boda boda mwenye mdomo usiopumzika. "Kyumbi iko huko nje. Hapa ndani ni Mombasa. Mama Mwendwa, niletee samaki, na kama uko na bahari, nipatie kidogo."

Jina likashika. Watu wakawa wanaambiana, "Twende Mombasa tukule."

Mutheu alifurahi, lakini kilichomfurahisha zaidi ni mtoto. Zamani Mwendwa alilia mchana kutwa. Sasa alilala tangu saa saba mpaka saa kumi, kimya kabisa, hata mdomo hauchezi.

"Ona," alimwambia Musili. "Amepata joto. Siku hizi hata hasumbui."

Wiki ya pili maneno yakaanza. Wa kwanza alikuwa Maundu.

"Mama Mwendwa, samaki wako anapiga kichwa kama pombe ya kaluvu. Jana nimekula mmoja tu, nikatoka hapa naona pikipiki mbili. Na mimi niko na moja."

"Wewe ulikunywa hiyo kaluvu yenyewe," Mutheu alimjibu. Watu wakacheka.

Kesho yake mwalimu mmoja alishikwa na kichefuchefu akiwa mezani. Halafu mama mmoja akatoka mbio na kutapika nje, mbele ya steji nzima ya boda boda. Njoki, aliyeuza makoti ya mitumba kibanda cha pili, alikuwa na jibu tayari.

"Hao ni samaki wa juzi," alisema. "Mimi sisemi, lakini nasema."

Mutheu aliumia. Jina la mwuza samaki ni kama yai, likianguka halishoneki. Akabadilisha mafuta. Akamrudishia mchuuzi samaki kwa sababu jicho la mmoja halikung'aa. Akasugua karai mpaka akaona uso wake. Hakuna kilichobadilika. Hata yeye mwenyewe kichwa kilimgonga kila alasiri, na miguu ikawa mizito. Jumapili, akishinda kanisani, kichwa kilitulia. Jumatatu kilirudi.

"Ni mawazo," alijiambia, akameza dawa ya maumivu.

Alhamisi ilikuja na manyunyu yaliyopigwa na upepo. Siku hiyo Mutheu hakushusha blanketi tu; alifunga na mlango. Ndani walikuwa Maundu na wateja wengine wawili. Mwendwa alikuwa ndani ya katoni yake.

Kama saa nane hivi mlango uligongwa. Alikuwa Loise, mhudumu wa afya ya jamii. Loise alizunguka nyumba kwa nyumba na begi lake, akipima watoto na kuuliza habari za wagonjwa. Kila Alhamisi alipitia samaki wawili wa kupeleka nyumbani.

"Ngoja nikufungulie, mwaitu, mama yetu," alisema Maundu. Alisimama. Akaenda hatua moja. Magoti yakamwacha, akaangukia mlango, mlango ukafunguka, akalala miguuni pa Loise.

"Na sijalewa," alisema kutoka chini, ulimi mzito. Alijaribu kucheka. Kicheko hakikutoka.

Loise alitazama ndani. Aliona jiko jekundu. Aliona nailoni, magunia, dirisha la mbao. Hakuuliza habari ya mchana.

"Tokeni nje! Nyote! Acheni samaki, acheni kofia, tokeni! Mutheu, mtoto ako wapi?"

"Amelala," alisema Mutheu. "Usipige kelele, dada, ndio amepata usingizi."

"Mtoe sasa hivi!"

Mutheu aliinama. Kibanda kikamzunguka. Alimshika mtoto, na kichwa cha Mwendwa kikaanguka nyuma kama tambara. "Mwendwa. Mwendwa, mama." Mtoto hakufungua macho.

Jinsi alivyofika nje hakujua. Alijua tu manyunyu yalimpiga usoni, na Loise alikuwa amemchukua mtoto mikononi, sikio lake puani mwa Mwendwa.

"Anapumua," alisema Loise. "Anapumua. Gari! Nani ako na gari?"

Njoki alikuja mbio na koti kubwa kuliko yote aliyokuwa ameyatundika, akamfunika mtoto. Mwenye machungwa akamwita mteja wake aliyekuwa na gari. Maundu alikuwa ameketi kwenye matope, anatafuta ufunguo mfukoni.

"Nitawapeleka na boda, ni haraka."

"Wewe utapeleka nani?" Loise alimkatiza. "Wewe pia ni mgonjwa. Ingia gari. Na nyinyi wawili, ingieni, hata kama mnasikia nafuu."

Waliondoka madirisha yote yakiwa wazi. Mutheu alimbana mtoto kifuani na kuomba kwa Kikamba, maana hofu ikizidi mtu hurudi kwa lugha ya mama. Kabla ya kufika mjini, Mwendwa alikohoa, akatapika juu ya koti la Njoki, akalia. Kilikuwa kilio chembamba, kama cha paka. Mutheu akalia pia.

Hospitalini walimwekea mtoto oksijeni. Maundu naye akawekewa, na wenzake wawili wakapimwa. Musili alifika kutoka Mumbuni, alikokuwa anaezeka nyumba ya mtu, vumbi la mbao likiwa bado nyweleni. Alipoambiwa mtoto ataishi, aliketi chini, si kwenye kiti, sakafuni.

Mutheu alimgeukia Loise. "Niambie ukweli, dada. Ni samaki wangu?"

"Mimi nakula samaki wako kila Alhamisi. Nilishawahi kukuambia naumwa na kichwa?"

"Hapana."

"Nakulia wapi?"

"Kwako, nyumbani."

"Na wale wameumwa walikulia wapi?"

Jibu lilitoka kitanda cha pili, chini ya kifuniko cha oksijeni.

"Mombasa," alisema Maundu.

"Lakini makaa yalikuwa yameiva!" Mutheu alisema. "Nilingoja. Hakukuwa na moshi hata kidogo."

Loise alivuta kiti karibu. "Makaa huivaje, Mutheu? Ndizi huiva. Maharagwe huiva. Kitu kikishaiva kimemaliza kazi yake. Makaa hayaivi. Yanaungua tu, mpaka yawe majivu baridi. Na wakati wote yanaungua, yanatoa hewa ya sumu. Inaitwa kaboni monoksidi. Moshi unauona, unakuwasha macho, unatoka. Hii huioni. Haina rangi, haina harufu. Inaingia kwa damu na kukalia kiti cha hewa safi."

"Na mtu hajui?"

"Mwili unajua. Kichwa kinauma. Unasikia kutapika. Miguu inakosa nguvu. Halafu usingizi unakuja, na kuna watu wengi hawakuamka huo usingizi. Mtoto mdogo anaumia haraka kuliko wewe."

Mutheu alikumbuka zile alasiri za kimya. *Siku hizi hata hasumbui.* Akanyoosha mkono, akaushika mguu wa Mwendwa.

"Na lile beseni la maji?" aliuliza.

"Maji hayashiki hiyo hewa."

"Na nikifukia makaa na jivu?" aliuliza Musili kutoka sakafuni.

"Yako hai chini ya jivu. Sumu inatoka vilevile."

"Na nikiacha dirisha wazi kidogo?"

"Kidogo ni kiasi gani, fundi? Uko na rula ya kupima upepo? Jiko la makaa likae nje. Na siku mkishuku, mtu atoke kwanza. Asirudi ndani kutafuta kiatu. Akishatoka, aende hospitali, hata kama kichwa kimepoa."

Musili alifuta uso. "Ni mimi niliziba zile nyufa. Kwa mkono wangu."

"Na ni mimi niliingiza jiko," alisema Mutheu.

"Mlikuwa mnaogopa baridi, na baridi ni kweli," alisema Loise. "Sasa sikilizeni. Mtoto mvalisheni sweta mbili, soksi na kofia. Katoni yake mnaweza kuipasha kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri, halafu chupa itoke ndio mtoto alazwe. Siku ya baridi kali, abaki kwa nyanya yake. Upepo zuieni, hakuna ubaya. Lakini jiko na ukuta uliozibwa havilali nyumba moja."

Mwendwa aliruhusiwa kesho yake. Jumamosi Musili alirudi kibandani na nyundo ileile. Aling'oa mbao za dirisha. Alitoa magunia na nailoni, akabakisha upande mmoja tu, ule unaopigwa na upepo. Upande wa pili, ulioelekea jua, alikata mabati kuanzia kiunoni mpaka juu, pakabaki wazi kama jukwaa. Kisha akarefusha paa upande huo, na jiko likawekwa chini yake, nje ya kibanda, kwenye hewa.

Na Mutheu naye akawaza. Kama joto haliwezi kukaa hewani, litakaa wapi? Akachukua vichwa vya samaki alivyokuwa anawapa paka, akavichemsha na tangawizi, nyanya na pilipili. Akanunua vikombe vikubwa.

Jumatatu Maundu alisimama mlangoni, mkono kifuani, akatazama ndani kama mtu anayeingia boma lenye mbwa.

"Mama Mwendwa, Mombasa imefungwa?"

"Imefungwa."

"Sasa hapa ni wapi?"

"Hapa ni Kyumbi. Shika supu."

Alikunywa. Akatoa koti. Akaomba ya pili. Wiki haikuisha mabenchi yakawa yamejaa tena. Watu walikula wamevaa kofia, vikombe mikononi, pua zikitiririka kwa pilipili. Mwalimu alirudi. Yule mama aliyetapika alirudi na dada yake. Hakuna aliyeumwa kichwa, na Mutheu hakumeza dawa tena.

Siku moja ya baridi Mutheu alikuwa anageuza samaki. Akainua macho, akamwona Njoki amebeba jiko kwa vitambaa viwili, anaingia nalo katikati ya makoti yake.

"Njoki! Unaenda wapi na hilo jiko?"

"Niache bwana, mikono imekufa. Haya hayana moshi, yamesha..."

"Makaa hayaivi!" steji nzima ikapiga kelele, na sauti ya Maundu ikiwa juu ya zote.

Njoki alisimama. Alitazama jiko. Akacheka, akarudi nyumanyuma, akaliweka nje kwenye upepo, akanyoosha mikono juu yake pale pale.

"Mimi sisemi," alisema, "lakini njoo na kikombe cha supu."

Wakati huo Mwendwa aliamka. Hakulia kidogo. Alilia kwa kifua chote, akapiga katoni mateke mpaka ikahama mahali pake.

"Mama Mwendwa," mwalimu aliita kutoka mezani, "mtoto analia."

Mutheu alifuta mikono kwenye leso, akaenda kumchukua, bila haraka.

"Namsikia, mwalimu," alisema. "Namsikia vizuri sana."