Chumba cha Chini Alichotaka Verediana

Hapana, hapana, Damas hakuwa bahili. Wengi wamesema hivyo, eti alikataa nyumba ikaguliwe kwa kubana hela. Wanamsingizia bure. Damas aliona aibu. Ngoja uisikie yote, halafu ndo uhukumu.

Damas na mkewe Verediana ni watu wa Bukoba. Walikuwa wanakaa New Hope, mji mdogo wa Minnesota, kwenye apatimenti, na binti yao Tulia. Damas anaendesha foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, kwenye ghala huko Savage. Ni mbali, na barabara ile wakati wa theluji, mh, tuiache. Verediana anauguza wazee, shifti ya usiku. Kwa hiyo usingizi wake ni wa mchana.

Sasa, mchana wa apatimenti unaujua. Juu yao kulikuwa na familia yenye watoto. Watoto wazuri, ukikutana nao kwenye ngazi wanakusalimia vizuri tu. Lakini wakianza kukimbia, utadhani kuna watu wanahamisha makabati. Verediana aliziba masikio kwa pamba. Akajifunika mto. Wapi.

Asubuhi moja Damas alishuka kwenda kazini. Akakuta gari la mkewe limeegeshwa, na mwenyewe yumo ndani kalala, paji la uso juu ya usukani. Akagonga kioo.

"Mama Tulia! Umefika saa ngapi?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Nakumbuka taa nyekundu ya pale kwenye njia panda," Verediana akasema. "Baada ya hapo sikumbuki kitu."

Damas akafungua mlango wa gari. Alimshika mkono, akampandisha mpaka juu. Lakini siku hiyo ndo alipoamua. Mke wake apate mahali pa kulala, la sivyo siku moja atapigiwa simu ya msiba.

Basi, kule kazini Verediana alikuwa akimhudumia bibi mmoja mgonjwa sana. Dada wa huyo bibi alikuwa haachi kuja kumwona. Anaitwa Joan. Bibi Joan mababu zake walitoka Uholanzi, na mtaa anaokaa kule Anoka una Waholanzi wengi wa namna hiyo, wazee watupu. Dada yake alipofariki, Joan alimwambia Verediana, "Mimi nimeshazeeka, nahamia kwenye nyumba ndogo. Hii yangu nataka kuwauzia ninyi kabla sijaitangaza. Ulimwosha dada yangu kama mama yako."

Wakaenda kuiangalia, Jumamosi. Mtaa ule, bwana, umenyamaza. Nyumba zimepangana, madirisha yanang'aa, na mapazia yako wazi, mtu anaonekana ndani anasoma gazeti.

"Hawa hawafungi mapazia?" Verediana akauliza.

"Labda hawana cha kuficha," Damas akasema.

Bibi Joan akawapokea. Akawamiminia kahawa, akatoa na biskuti alizooka mwenyewe. Kisha akawashusha besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba kilichozama ardhini. Kulikuwa na zulia, kitanda na dirisha dogo juu karibu na dari. Verediana akasimama katikati.

"Sikia," akasema.

"Sisikii kitu," Damas akasema.

"Ndo hivyo sasa! Baba Tulia, mimi nitalala hapa."

Tulia akasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba pana baridi. Mama yake akamwambia hajaulizwa.

Wakaelewana na bibi. Ukaandikwa mkataba. Kwa kawaida mkataba wa nyumba unampa mnunuzi siku kadhaa za kuleta mkaguzi. Akikuta ubaya, mnaongea upya, au mnunuzi anajitoa. Damas alipofika hapo, akasema hiyo sehemu ifutwe.

Verediana akashangaa. "Ifutwe kwa nini?"

"Mama Tulia, yule bibi ametukaribisha. Tumekunywa kahawa yake. Katuuzia sisi, kaacha watu wote. Leo nimpelekee mtu wa kumchungulia mpaka uvunguni? Si ni kumwambia usoni kwamba simwamini?"

"Na ukuta ukiwa umeoza?"

"Hujamwona alivyo msafi?"

"Usafi unauona kwa macho, Baba Tulia. Mimi kazini nawaosha watu wasafi kila siku, na ndani wanaumwa."

"Akikasirika akaitangaza, tumeikosa. Unarudi kulala kwenye usukani."

Hapo ndo palikuwa na kazi. Damas aliona kuna nyumba moja tu duniani yenye kimya, na neno moja lisilo la adabu linaweza kuiondoa.

Verediana hakubishana. Alimpigia simu Gilbert. Gilbert ni Mkenya, mtu wa Eldoret, wanasali naye kanisa moja, na kazi yake ni ukaguzi wa nyumba, kaisomea. Akaja jioni ile ile na viatu vimejaa theluji.

"Mzee Damas! Nasikia unanunua nyumba ukifunga macho."

"Wewe huelewi. Ni suala la heshima."

"Hebu niambie. Ukinunua ng'ombe kwa shemeji yako, humfungui mdomo uone meno?"

"Kwa shemeji? Thubutu! Naanzaje?"

"Ndiyo maana kwenu ng'ombe ni vibogoyo."

Verediana akacheka mpaka akashika meza. Damas naye akacheka, shingo upande.

"Sasa skiza," Gilbert akasema. "Hapa Minnesota mkaguzi si polisi. Hata baba akimuuzia mtoto wake, nyumba inacheckiwa. Mwenye nyumba mwenyewe hawezi kujua kila kitu. Kuna vitu havionekani. Mpigie huyo shosho, mwambie ukweli. Akikataa, ujue kuna kitu."

Damas akaichukua simu. Akaiweka. Akanywa maji. Akaichukua tena.

"Bibi Joan, samahani sana. Tuna mtu... rafiki yetu... angependa kuitazama nyumba. Si kwamba sisi..."

Damas akafumba macho.

"Mkaguzi?" Bibi Joan akauliza.

"Ndiyo."

"Aje. Lakini mwambie avue viatu."

Gilbert akaenda, akavua viatu. Akapanda darini. Akafungua mabomba, akawasha tanuru la kupasha nyumba joto. Akakuta vitu vidogo vidogo tu. Mwisho akashuka besimenti, akaweka kifaa kidogo juu ya kigoda. Akawaambia madirisha na milango ya nje vibaki vimefungwa, na kifaa kisiguswe siku mbili.

"Hicho ni nini?" Damas akauliza.

"Kinapima radoni. Ni gesi. Inatoka kwenye udongo chini ya nyumba. Huioni, haina harufu, haikufanyi ukohoe. Inapenyeza kwenye nyufa za sakafu. Nyumba ikifungwa kwa sababu ya baridi, inajikusanya humu chini. Mtu akiivuta miaka na miaka, inaweza kumletea kansa ya mapafu. Na akiwa anavuta sigara, mbaya zaidi."

"Lakini nyumba ni safi!"

"Haijali usafi, mzee. Nyumba mpya, ya zamani, nzuri, mbovu, zote. Minnesota nyingi sana zinayo. Jirani anaweza kukosa na wewe ukawa nayo. Njia ya kujua ni kupima tu."

Bibi Joan alikuwa amesimama kwenye ngazi. "Kwenye karatasi niliandika kwamba haijawahi kupimwa," akasema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Uliandika ukweli, mama. Sheria inataka useme. Lakini isipopimwa, hatuwezi kusema ni salama."

Siku mbili zikaisha, Gilbert akarudi. Wakashuka wote. Akasoma kifaa, akaguna.

"Watu wa afya wanatuambia kipimo kikifika nne, rekebisha. Hapa ni tisa."

Damas akamtazama mkewe. Pale pale alipotaka kuweka kitanda. Kila siku, mchana mzima, miaka yote.

Bibi Joan akakaa kwenye ngazi, taratibu.

"Mume wangu alikuwa na karakana yake humu," akasema. "Alistaafu akashinda humu anatengeneza viti. Hakuvuta sigara hata siku moja. Alikufa kwa mapafu." Akamtazama Gilbert. "Ni hii?"

Gilbert akavua kofia. "Mama, siwezi kukuambia ndiyo. Siwezi kukuambia hapana. Hakuna anayeweza kujua."

Damas alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa ameogopa kumkasirisha bibi wa watu, na sasa kafanya nini? Afadhali hasira. Akaenda akakaa kwenye ngazi, chini yake kidogo.

"Pole, bibi. Tumekuletea maumivu nyumbani kwako."

"Hamkuyaleta ninyi," Bibi Joan akasema. "Yalikuwemo." Akamgeukia Gilbert. "Kuna dawa yake?"

"Ipo," Gilbert akasema, "na si ngumu. Fundi mwenye leseni anatoboa sakafu, anapitisha bomba kutoka chini mpaka juu ya paa. Kwenye bomba anaweka feni, inafanya kazi usiku na mchana. Gesi inavutwa kabla haijaingia ndani, inatupwa juu hewani. Nyufa zinazibwa. Halafu mnapima tena. Hapo pa kupima tena watu wengi wanasahau."

"Mwiteni huyo wa bomba," Bibi Joan akasema. "Sitamwachia mtu nyumba hii hivi."

Kazi hiyo ikawekwa kwenye mkataba. Bomba lilipoanza kazi wakapima tena, ikasoma moja na nusu. Damas akamwambia Gilbert asome mara ya pili. Akasoma. Moja na nusu.

Na yule bibi, kabla hajahama, akafanya jambo ambalo mtaa ule haujazoea. Alipiga hodi. Mlango kwa mlango, na fimbo yake, kwenye barafu. "Mmepima?" anauliza. "Bado." "Pimeni." Basi. Majira ya joto yalipofika, mabomba meupe matatu yalikuwa yameshapanda kando ya kuta za mtaa ule, na mapazia wazi vile vile.

Damas na familia wakahamia. Jumapili ya kwanza akapika mwenyewe ndizi na nyama, na samaki aliyempaka viungo vya kwao. Alikuwa amewaalika Gilbert na Bibi Joan. Verediana alikuwa ametoka shifti asubuhi, akateremka chini, akasema, "Wageni wakija niamsheni."

Wageni wakaja. Chakula kikawa mezani, moshi unapanda.

"Nimwamshe Mami?" Tulia akauliza, na siku hiyo aliuliza kwa Kiswahili.

"Mwache," Damas akasema.

"Lakini alisema..."

"Nimesema mwache alale."

Wakakaa sebuleni. Gilbert akatazama sufuria. Akatazama saa. Akatazama sufuria tena.

"Mzee, kule kwetu mgeni huwa anakula."

"Na kwetu mgeni huwa anasubiri."

Bibi Joan akauliza wanasema nini. Tulia akamtafsiria, bibi akacheka kimya kimya, mkono mdomoni, asije akapiga kelele. Chakula kikapoa. Damas akakirudisha jikoni, akakipasha moto, kikapoa tena. Kutoka chini hakuna sauti, hata ya kitanda.

Jua lilikuwa limeshaanza kuinama waliposikia nyayo kwenye ngazi, taratibu, moja, nyingine. Verediana akatokea mlangoni, alama ya mto shavuni, nywele upande. Akawatazama wote wamekaa, mikono mapajani, kama watu wa kungoja zamu hospitalini.

"Jamani! Mbona hamjala?"

Damas alishabeba sufuria. Gilbert akavuta kiti kwa ajili ya Bibi Joan, Tulia akaleta sahani, na wote wakakaa, wakala.