Mama Gertrude Anaonja Tu

Mwaka 1970, pale Panda, mjini Likasi, hakuna mwanamke aliyejua kupika kibuku, pombe ya mahindi, kama mama Gertrude. Aliloweka mahindi, akayaacha yachipue, akayaanika, akayasaga, akapika. Kila Jumamosi mchana watu wa kambi ya wafanyakazi walijaa uani kwake, wengine bado wana vumbi la kiwanda kwenye viatu. Hapo walicheka, walibishana juu ya mpira, na mara nyingine waliimba.

Kabla ya kumpa mtu kopo lake, Gertrude alikunywa kwanza mbele yake. Ilikuwa desturi. Mpishi anaonyesha kwamba pombe yake haina ubaya.

Mume wake, Urbain, alifanya kazi kwenye kiwanda cha Shituru. Yeye alipenda bia ya chupa. Siku moja walimpima kazini, wakamwambia damu yake inasukuma kwa nguvu mno. Tension imepanda. Aende kwa daktari.

"Minye nitakusindikiza," Gertrude akasema. "Docteur akuambie yeye mwenyewe. Minye hunisikiaka."

Docteur Mukalay alikuwa bado kijana, lakini nyumba yao aliijua vizuri. Alikuwa ametibu surua ya watoto wao, na mguu wa mama yake Urbain. Akampima Urbain mkono.

"Kumi na sita, tata Urbain. Iko juu, ya muntu muzima ni kumi na mbili, kumi na tatu. Bière unakunywaka ngapi?"

"Kidogo tu, Docteur."

"Samedi ilipita, ulikunywa chupa ngapi?"

Urbain akatazama dari, akiikumbuka Jumamosi. "Sita. Labda saba."

"Unasikia?" Gertrude akapiga makofi. "Saba! Docteur, umwambie!"

Daktari hakugomba. Alieleza polepole kwamba pombe nyingi inapandisha tension, na tension ikikaa juu inaweza kupasua mshipa wa kichwani, na upande mmoja wa mwili ukafa. "Lakini ukipunguza, inashuka. Chupa moja kwa siku, hata mbili, basi. Na kila juma uweke siku za kukaa bila pombe."

Gertrude alikuwa anafurahi sana. Akakunja mkono wa blauzi yake. "Docteur, unipime na minye. Aone tension ya muntu muzuri iko namna gani!"

Daktari akampima. Akatazama kipimo. Akampima tena.

"Mama, yako ni kumi na nane."

Urbain alikohoa kuficha kicheko. Kisha akaona uso wa mke wake, kicheko kikaisha.

"Mama Gertrude, weye unakunywaka?" daktari akauliza.

"Minye? Hata! Minye ninaonjaka tu."

"Unaonjaka mara ngapi?"

Gertrude akaanza kueleza. Asubuhi anaonja kama kibuku kimeiva. Akikichuja anaonja. Akifungua pipa anaonja. Halafu kuna wanunuzi, kila mmoja na kopo lake. Kadiri alivyoeleza, sauti yake ilipungua.

"Sikuite mulevi, mama," daktari akasema. "Nataka uone kwa macho yako. Samedi, weka ndoo tupu karibu yako. Kila mara unaonja, mimina maji mu ndoo, sawasawa na ile unakunywa."

Jumamosi ile alifanya hivyo. Jua lilipoanza kushuka, wanunuzi walikuwa wameondoka. Urbain akaja, wakasimama wawili wakitazama ndoo. Maji yalikuwa yamepita nusu.

"Yote hii inaingia mu tumbo yangu?" Gertrude akauliza.

Urbain hakumcheka. Alisema tu, "Ndiyo maana usiku haulalaka vizuri."

Jumatatu wakarudi kwa daktari. Gertrude alikuwa na woga mmoja. "Docteur, nikiacha kuonja, bantu batasema nini? Batakimbia!"

"Onja mara moja, pipa likifunguliwa, mbele ya bantu bote. Kijiko kimoja. Ukule kwanza, usionje na njaa. Kisha weka chai yako pembeni, kila mara unataka kuonja, unakunywa chai." Akaongeza: "Kama unapunguza na mikono inatetemeka, jasho inatoka, usijikaze peke yako. Rudi hapa siku ile ile."

Jumamosi iliyofuata Gertrude alifungua pipa, akachukua kijiko, akaonja, akafunika. Kisha akamimina kopo la Firmin, fundi wa mabomba, akampa hivi hivi.

Firmin hakulipokea. "Mama, hukunywe kwanza? Muko nini humu?"

Watu wote wakageuka kumtazama. Gertrude alisikia mashavu yakiwaka. Urbain akainuka. "Minye nitaonja."

"Weye? Docteur alikukataza! Ikaa!"

Watu wakaangua kicheko. Gertrude naye akacheka, na woga ukamtoka.

"Sikieni," akasema. "Kijiko mumekiona. Kibuku ni kizuri. Ni minye niko mubaya. Docteur alinipima, tension ni kumi na nane. Nilikuwa nakunywa nusu ya ndoo na kusema ninaonja tu. Sasa ninakunywa chai. Firmin, unakamata kopo ao nimupe mwingine?"

Firmin akalikamata. Akakunywa kidogo, akafikiri. "Mama, hiyo tension, muntu anaisikiaka?"

"Hapana. Minye sikuisikia hata kidogo."

Firmin hakuomba kopo la pili.

Ilipita miezi miwili. Tension ya Urbain ilishuka mpaka kumi na nne, na chupa zake zikawa mbili, Jumamosi tu. Ya Gertrude ilishuka mpaka kumi na tano, na sasa alilala mpaka asubuhi. Daktari alimwambia aendelee hivyo hivyo, arudi kila mwezi.

Walipotoka chumbani kwa daktari walikuta benchi la zahanati limejaa. Firmin alikuwa wa kwanza, shati limepigwa pasi. Nyuma yake walikaa watu sita, wote wanunuzi wa uani kwa Gertrude.

Docteur Mukalay alichungulia mlangoni, akawatazama, akacheka.

"Mama Gertrude! Unaniletea clientèle yako yote?"

"Docteur, uwapime vizuri," Gertrude akasema. "Samedi ninabangojea."