Mstari Uliopinda Chemchemini

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe kumi na nne Oktoba, mwaka 1991. Asubuhi hiyo Itto, msichana wa miaka kumi na mbili wa kijiji cha Tawrirt, katika milima ya Moroko, alifanya kazi zake kama kawaida. Alikamua mbuzi, akamsaidia mama kuwasha tanuri, akala mkate wa shayiri kwa mafuta ya zeituni. Kisha, babu yake alipotoka kwenda shambani, akafungua sanduku la mzee na kuchukua ramani.

Hakujiambia kwamba anaiba. Alijiambia kwamba anaazima. Mwalimu alikuwa amewaagiza walete kitu cha kale, na Hammu, mwanafunzi mwenzake, alikuwa amemcheka mbele ya darasa zima: "Nyinyi mna nini cha kale, zaidi ya yule mbuzi wenu mwenye ndevu?"

Ramani ilikuwa ya enzi za Wafaransa. Milima na mito ilikuwa imepigwa chapa, lakini mpaka kati ya Tawrirt na kijiji jirani cha Imlalen ulichorwa kwa mkono na ofisa wa Kifaransa, kwa wino wa zambarau. Mstari huo ulipita katikati kabisa ya jicho la chemchemi, ndiyo maana vijiji viwili viligawana maji kwa zamu, leo hawa, kesho wale. Babu Muha hakujua kusoma, na macho yake yalikuwa yameanza kufifia, lakini aliitunza karatasi ile kuliko meno yake.

Darasani Itto alisifiwa mbele ya Hammu. Wakati wa kurudi, alivuka mto kwa kuruka juu ya mawe, maana daraja ambalo wakubwa huliahidi kila uchaguzi halijawahi kutoka midomoni mwao. Jiwe likateleza. Itto akaanguka, na ramani ikalowa.

Aliikausha kando ya tanuri. Chapa ilikuwa salama, ila wino ulikuwa umefutika, kipande cha urefu wa kidole, tena pale pale penye chemchemi. Heri angelia na kusema. Badala yake alichukua kalamu yake ya zambarau ya shule. Alijua vyema mstari ulipita wapi, lakini kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mkono uliizunguka chemchemi na kuiacha yote upande wa Tawrirt. Alipoona alichokifanya, wino ulikuwa umeshakauka. Akaikunja ramani, akairudisha sandukuni.

Tangu hapo hakuweza kumtazama babu yake usoni. Wakati wa kula alimega mkate na kuuacha.

"Mbona huli, mjukuu wangu? Mwalimu amekuchapa?"

"Hapana, Babu. Tumbo tu."

"Tumbo gani la siku zote hizo?" Babu alimsogezea bakuli la asali. Itto akazidi kujichukia.

Baada ya siku kumi alikuja mkuu wa tarafa. Huku kwetu huitwa kaid, na wengi wao ni wakaidi kweli. Alikaa chemchemini na karani wake, watu wa vijiji vyote viwili wakiwa wamemzunguka. Serikali ilitaka kuandika chemchemi ni ya nani, na kitabu chake, alisema, kina nafasi ya jina moja tu.

"Mbona ni yetu sote?" Babu Muha alisema. "Ramani itakuonyesha." Akaikunjua na kuweka kiganja juu yake. "Wallahi, tangu marehemu baba yangu anikabidhi, haijaguswa na mkono wa mtu. Inavyosema, ndivyo."

Karani akainama, akasoma. "Chemchemi yote iko Tawrirt."

Bi Tlaytmas, msemaji wa Imlalen, alicheka kicheko kikavu. "Muha! Ijumaa umekula mkate wangu, leo unakunywa maji yangu? Kumbe ndevu zote hizo ni za mwizi!"

"Mimi mwizi?" Babu aligonga ramani kwa kidole. "Nimeapa, Bi Tlaytmas."

"Basi umeapa uongo mchana kweupe!"

"Nyamaza, mzee," mtu wa Tawrirt alinong'ona nyuma yake. "Mungu ametupa, tupokee."

Karani alishika kalamu. Itto akapenya katikati ya watu mpaka mbele.

"Babu hakusema uongo," alisema, machozi yakimtiririka. "Ni mimi. Niliichukua bila ruhusa, ikaanguka mtoni. Mstari ukafutika, nikauchora kwa kalamu yangu. Nikauvutia kwetu."

Babu Muha alivua kilemba chake, jambo ambalo Itto hakuwahi kuliona mbele za watu, akasimama kichwa wazi mbele ya Bi Tlaytmas.

"Nimeapia nisichokijua. Nitafunga siku tatu, kafara ya kiapo changu."

"Na mimi nitafunga nawe," Itto alisema.

Bi Tlaytmas akamsogelea. "Vaa kilemba chako, Muha, utapata mafua. Mjukuu wako ana ulimi mnyofu kuliko mkono wake." Kisha akamgeukia kaid. "Andika majina mawili."

"Nafasi ni moja, mama."

"Basi andika herufi ndogo!"

Watu wakacheka, wa huku na wa kule, wala hawakuondoka mpaka majina yote mawili yalipoandikwa na muhuri kugongwa. Zamu za maji zikabaki kama zilivyokuwa.

Babu alimshika Itto bega. "Jiwe kuteleza si kosa lako. Kuchukua bila kuuliza ni kosa, lakini ungesema siku ile ile, tungelimaliza nyumbani kwa karipio. Ulilificha, likakua mpaka likaniapisha mimi na likataka kuwakausha majirani. Ukiharibu, sema mapema. Ukweli wa siku ya kwanza ni mwepesi kubeba."

Itto alifuta machozi, akaitazama ramani. "Na yule ofisa wa Kifaransa, Babu? Yeye alimuuliza nani kabla ya kuchora?"

"Hakumuuliza mtu," Bi Tlaytmas alijibu. "Kabla ya mstari hapakuwa na zamu. Mwenye kiu alikuja, akanywa."

Kaid alikuwa ameshaanza kufunga mkoba wake. Itto akamgeukia, na watu wote wakageuka pamoja naye.

"Bwana kaid, mimi nimeungama mbele yenu. Je, yeye aliungama kwa nani?"