Ufunguo Mfukoni mwa Mabega

Maiti ililala kifudifudi kati ya jukwaa la kupakilia na lori, mfuko wa saruji umempasukia mgongoni. Wenzake walimwita Mabega. Mnyapara alikwisha kutoa hukumu kabla polisi hawajafika: mzembe, kateleza mwenyewe.

Inspekta alilijua neno hilo. Ghala hili hili lilishamzika mzembe mwingine, na kabla yake mwingine alikatwa mguu. Ajabu ya uzembe, hauwapati wanaokaa ofisini.

Mfukoni mwa marehemu akakuta ufunguo wa lori. Wapakiaji wakamweleza: anayepakia hukaa nao mpaka mfuko wa mwisho uingie, gari lisije likamponyoka miguuni.

"Basi gari halikusogea," mnyapara akadakia.

Lakini kati ya lori na jukwaa palikuwa na pengo la kumeza mtu, na ubao wa kuvukia ulikuwa chini ya maiti. Inspekta akauliza ufunguo wa akiba hukaa wapi. Kwenye droo ya mnyapara, wakasema. Droo ilikuwa tupu.

Akajifungia na dereva katika kibanda cha mlinzi. Dereva alikuwa shemeji wa marehemu. Mabega alimwoa dada yake, na wote waliishi kambi ya kampuni.

"Nani aliwasha gari?"

Dereva akautazama mlango.

"Mnyapara amekuahidi nini?"

"Nikinyamaza, dada hatolewi kambini, afande. Ana watoto. Nikisema, tunatoka wote."

"Na mjane wa yule aliyezikwa kabla yake, yuko wapi?"

Dereva alijua. Yeye ndiye aliyempakilia godoro siku alipotolewa kambini.

Akatoa ufunguo wa akiba ndani ya soksi. Malori yalikuwa yanapiga honi getini, akasimulia. Mnyapara alimtupia ufunguo: sogeza mbele kidogo, Mabega kaenda kunywa maji. "Nikasikia ubao unaanguka. Shemeji hakupiga hata kelele."

Mnyapara alipoonyeshwa ufunguo, akaketi juu ya mfuko wa saruji.

"Ulijua yuko ubaoni?"

"Nilimwona. Nikasema atawahi kuruka." Akajishika bega, pale mifuko ilipomwachia sugu ya zamani. "Bosi aliapa foleni ya malori ikifika tena barabarani, nitarudi kubeba. Afande, mimi kule sirudi."

Inspekta akamtia pingu, kisha akaagiza bosi aletwe. Dereva akanyoosha mikono yake bila kuambiwa.

"Nifunge na mimi," akasema. "Ila tupitie kambini kwanza. Dada anajua mumewe kateleza. Nilimwambia mimi."