Talaka ya Hamsini na Mbili Kutoa Ishirini na Nane

"Bayan, mwambie babako mbili haitoi nane. Yaazimwa kumi kwa jirani!"

"Baba, mama asema..."

"Nimesikia," ilijibu simu iliyoegemezwa kwenye birika la chai. "Mwambie mamako hakuna haja ya kuazima. Ahesabu kutoka ishirini na nane kwenda juu mpaka afike."

"Mama, baba asema..."

"Mimi si kiziwi!"

Bayan, mwanafunzi wa gredi ya tatu, aliweka penseli chini akamtazama bibi yake. Bi Mwanarusi alikuwa akichambua mchele, midomo ameibana asije akacheka.

Na hapo wazazi wake, Afaf na Hussam, walikuwa wameshaachana. Tena kwa hesabu hiyo hiyo, ambayo sasa mwalimu ameirudisha kwenye marudio! Jioni moja kwenye fleti yao ya Ganjoni kila mmoja alishika upande wake wa daftari la mtoto, huyu na kuazima kwake, yule na kuhesabu kwake, mpaka daftari likararuka. Afaf akauliza, "Kwani wewe hesabu ulisomea wapi?" Hussam, ambaye hakuwa amekula tangu asubuhi, akapayuka na dirisha liko wazi: "Basi nimekuacha! Talaka moja! Nenda kaazime na mume mwingine!" Majirani wa juu na wa chini wote walisikia. Jibu ni ishirini na nne kwa njia zote mbili, lakini siku ile hakuna aliyefika huko.

Sasa Afaf yuko kwao Kibokoni, anakaa eda, ile miezi ya kungoja baada ya talaka. Talaka moja ina mlango wa kurudi: mume akitamka kwamba amemrejea mkewe kabla eda haijaisha, ndoa yao ni ile ile. Ikiisha, mlango umefungwa. Na eda ya Afaf ilikuwa ukingoni. Hussam alipiga simu kila siku, lakini ni hesabu tu. Afaf alikuwa bado anampenda mpaka anajichukia. Alilolingoja ni neno moja.

Usiku huo ujumbe uliingia.

"Assalamu alaykum. Swali la tano mmelifanya?"

"Waalaykum salaam. Tumelifanya."

"Na la sita?"

"Nalo pia. Hussam, una jingine?"

Simu ikaonyesha anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Afaf aliisogeza simu karibu na macho.

"Kesho mwalimu atuita sote wawili."

Afaf akaitupa simu kitandani.

Mwalimu Zilpah aliwakalisha kwenye viti vya watoto, magoti yakiwakaribia kidevuni, akawafungulia daftari la Bayan. Kurasa zilikuwa nyeupe.

"Bayan, waambie wazazi wako ulivyoniambia."

"Nikiandika ya mama, baba ataudhika. Nikiandika ya baba, mama atalia. Kwa hivyo siandiki."

Afaf alizifunua kurasa zile moja moja. Hussam aliviangalia viatu vyake.

"Na njia yako wewe ni ipi?" mwalimu akauliza.

"Mimi natoa thelathini, ni rahisi. Yabaki ishirini na mbili. Lakini nimetoa mbili zaidi, basi nazirudisha. Ishirini na nne."

"Nani kakufunza hiyo?" Hussam aliruka.

"Mimi mwenyewe."

"Na ni sahihi," mwalimu akasema. "Njia zote tatu ni sahihi. Mkikaa naye, penseli ibaki mkononi mwake. Nyinyi mwulizeni tu, 'Umefikiriaje?' kisha mnyamaze. Akikosea, vumilieni, mara nyingi ataona mwenyewe. Leo kila mzazi amrekodi mtoto wake akieleza, atume kwenye kundi letu la WhatsApp."

Walipotoka langoni, Hussam alijikwaa kwenye maneno.

"Afaf, nilikuwa nakusudia... nilikuwa nataka kusema..."

"Sema."

"Jioni nitampeleka Bayan ufukweni, kule Mama Ngina, nimrekodi huko."

"Hilo tu?"

"Na... umekonda."

"Nimekonda! Siku ile ulinitamkia talaka jengo zima likasikia, wala hukubabaika. Leo wamumunya maneno kama mwenye jino bovu! Mchukue mtoto, uende!"

Alipanda tuktuk akalia mpaka nyumbani.

Jioni, simu ikalia. Kundi la wazazi wa gredi ya tatu. Sauti kutoka kwa Hussam, ndefu kweli. Afaf akaifungua, na Bi Mwanarusi akasogeza kiti.

"...basi nazirudisha zile mbili," ilikuwa sauti ya Bayan.

"Mashallah. Haya, zima simu, ule mhogo wako."

"Nishazima."

Hakuwa amezima, na alipoituma sauti ikaenda yote. Mpaka leo hakuna anayejua kama mtoto yule alikosea au alikusudia.

"Baba, ulipomwacha mama, ulifikiriaje?"

Ulisikika upepo wa bahari, na mtu akinadi madafu.

"Sikufikiri, mwanangu. Zilikuwa hasira. Na njaa."

"Basi umekosea. Futa, uandike tena."

"Naogopa."

"Waogopani?"

"Nikitamka, ataniambia hanitaki. Bora nimuulize swali la tano. Hilo hunijibu."

"Hebu sema mimi nisikie kama ni sawa."

Hussam alikohoa. "Bismillahi. Mimi Hussam nimemrejea mke wangu Afaf katika ndoa yangu. Nampenda. Hata kuazima kwake nakupenda."

"Ni sawa," Bayan alisema huku akitafuna, na sauti ikakatika.

Kundi likawaka moto.

Baba Khubaib: "Rejea imepita! Mimi shahidi."

Mama Fadhiya: "Na mimi! Nalia huku chapati yaungua."

Baba Oliver: "Mimi ni Mkristo lakini nimesikia vizuri kabisa. Ila sisi tumepata ishirini na tano. Tumekosea wapi?"

Mwalimu Zilpah: "Baba Oliver, mwulize Oliver amefikiriaje. Baba Bayan, hongera."

Afaf alicheka na machozi yakimtoka. Akapiga simu.

"Afaf? Kwani hesabu haijafika?"

"Imefika. Yote."

"Yote vipi?"

"Mpaka pale pa njaa."

"Ya Rabbi! Nifute?"

"Thubutu! Nina mashahidi darasa zima." Akajipangusa machozi. "Kwa nini hukuniambia mimi, Hussam? Kila ulipouliza swali la tano, mwenzio nilikuwa nangoja."

"Nisamehe, mke wangu. Wanitaka?"

"Nakutaka. Njoo unichukue. Na ulete mihogo, mama hajala."

"Yenye pilipili!" Bi Mwanarusi alipaza sauti.

Kesho yake, pale Ganjoni, Bayan alikaa mezani katikati ya wazazi wake. Arobaini na tatu kutoa ishirini na sita. Aliuma ulimi, akaandika ishirini na tatu.

Wote wawili waliliona kosa. Mkono wa Hussam ukainuka kuelekea penseli. Afaf akaudaka chini ya meza akaubana. Kisha mkono wake mwenyewe ukaanza kuinuka, naye Hussam akaukamata.

"Mbona mwanitazama hivyo?" Bayan aliuliza.

"Hatuna neno, mamangu," walijibu kwa pamoja, na chini ya meza hakuna aliyemwachia mwenzake.