Kufuli Lililofungwa Tupu

Kijaluba cha tambuu ndicho kilichoanza. Bi Asghari alikivuta kifuniko, akakivuta tena, akakibana kwa magoti na kukivuta kwa mikono miwili, kikagoma. Kijaluba chenyewe hakikuwa na kufuli wala komeo. Kifuniko chake kililegea tangu mama mkwe wake angali hai, na ukipiga chafya karibu nacho kinaanguka.

"Baba Kudsia, njoo umwone mzee wako huyu," alimwita mumewe akicheka. "Leo kaninunia."

Fundi Tajammul Husain alikipokea, akakigeuza, na kicheko chake kikakatika. Shaba ilikuwa ya moto. Ilitoa harufu ambayo fundi yeyote wa makufuli wa Aligarh angeijua hata akiwa usingizini, harufu ya chuma chekundu kilichotoswa kwenye mafuta ya haradali. Na siku ile ilikuwa Ijumaa, karakana imefungwa, tanuri limelala majivu.

"Ni joto tu," alisema. "Shaba imevimba."

Alisema hivyo, lakini jicho lake lilikwenda kwenye shubaka la ukuta, palipokuwa na kitu kilichofunikwa kitambaa cheusi. Alikuwa amerudi juzi tu kutoka Kalkuta, na mtaa mzima wa mafundi ulikuwa umempokea kwa mashada ya maua. Fundi Tajammul alikuwa amepata hataza ya kufuli jipya. Kwa asiyeijua, hataza ni karatasi ya serikali inayosema kitu fulani kimebuniwa na fulani, na ole wake atakayekiiga. Mafundi wetu walikuwa wakitengeneza makufuli tangu enzi za mababu bila karatasi yoyote, lakini Mwingereza alikuwa ameleta sheria mpya, na Tajammul alikuwa wa kwanza mtaani kuiwahi. Mimi sina ugomvi na karatasi. Ugomvi wangu ni na mkono ulioitia sahihi.

Kwa maana kufuli lile halikuwa lake. Lilikuwa la dada yake, Najiban.

Najiban alifiwa na mume akiwa bado kijana, akarudi nyumbani kwa kaka yake. Nyuma ya pazia la ndani alikaa na tupa yake akisugua vibamba vya makufuli, kama wanawake wengi wa nyumba za mafundi wafanyavyo hadi leo, nao wanaume huichukua kazi hiyo na kuiuza kwa majina yao. Siku moja alichoka kuona sukari ya ghalani inapungua. Akatengeneza kufuli ambalo ukilitia ufunguo usio wake halikatai. Linaupokea, kisha linaung'ata, na mwizi anabaki ameushika au anaukimbia. Mtu wa kwanza kukamatwa alikuwa Tajammul mwenyewe, aliyesimama mlangoni mwa ghala anahangaika kuuchomoa ufunguo wake, ndevu zikiwa na chembe za sukari.

"Kaka, nilidhani ni panya," Najiban alimwambia siku hiyo, na nyumba nzima ikacheka hadi machozi.

Tajammul naye alicheka. Lakini usiku hakulala kwa kulifikiria. Akajiambia kwamba mwanamke wa pazia hawezi kusimama mbele ya karani wa Kizungu. Akajiambia kwamba chake ni cha dadake na cha dadake ni chake. Mtu akitaka kuiba cha ndugu hakosi maneno matamu ya kujibembeleza. Aliporudi kutoka Kalkuta na Najiban akamuuliza, "Umeandikisha jina gani?" alimjibu, "La nyumba yetu," akaenda kunawa mikono iliyokuwa safi.

Sasa sikiliza kosa jingine, ambalo fundi wa Aligarh hapaswi kulifanya hata akiwa amelewa. Kwetu kufuli halifungwi tupu. Ukitaka kulijaribu, unapitisha kwanza uzi au kijiti kwenye pete yake ndipo unafunga. Kufuli likifungwa bila kitu, wazee husema, linakamata lipitalo. Lakini pale Kalkuta, adhuhuri, jua likiwa utosini, karani alimwambia Tajammul aape kwamba yeye ndiye mvumbuzi wa kweli na wa kwanza. Tajammul akaapa, ulimi mkavu. Karani akasema, "Nionyeshe linavyofunga." Kwa haraka ya mtu anayetaka kuondoka mbele ya uongo wake, Tajammul akalibana kufuli mkononi, tupu. Likalia *tk*. Upepo mdogo wenye harufu ya chuma cha moto ukampita shingoni, na palepale ukakatika kana kwamba umeshikwa mkia.

Ndani ya treni alijaribu kulifungua kwa ufunguo wake halali. Kufuli likaung'ata kama wa mwizi. Hakujua namna ya kulilegeza, na mtu pekee aliyejua ndiye mtu pekee ambaye yeye hakuweza kumuuliza.

Baada ya kijaluba likafuata sanduku la nguo. Likafuata dirisha la mashariki, kisha mtungi wa achari, kisha fundo la kilemba cha Tajammul, ambalo lilibidi likatwe kwa mkasi. Hakuna kilichovunjika. Kila kitu kilijifunga tu, kikawa cha moto, kikanuka haradali. Bi Asghari aliacha kucheka. Alianza kuacha vitu wazi, makopo bila vifuniko, milango imeegemezwa matofali.

"Tajammul," alimnong'oneza mumewe, "ulileta nini kutoka huko?"

"Heshima," alijibu. "Au heshima nayo imekuwa jini?"

"Usiite jina hilo ndani ya nyumba yangu!"

Juma lile upepo wa moto wa Juni ulikuwa unapuliza mchana kutwa, na watu wote wa nyumba walijilaza katika chumba cha ndani, nyuma ya mapazia ya nyasi yaliyomwagiwa maji. Tajammul alikuwa amefumba macho bila kulala. Akasikia *tk*. Alijua ni dirisha. Akasikia jingine, karibu zaidi, akajua ni mlango, ule uliozuiwa kwa tofali, na tofali likasogea lenyewe sakafuni likikwaruza polepole kama mtu anayevuta mguu mbovu, na harufu ya haradali ikaingia na kujaa chumbani mpaka macho yakamwuma, na ile sauti ikaendelea kutembea, *tk* kwenye sanduku, *tk* kwenye kikuku cha mkewe aliyekuwa akikoroma, *tk* kwenye kitasa cha kabati, ikiwapita mmoja mmoja bila haraka kama mwenye nyumba anayefunga milango yake kabla ya safari, mpaka ikafika kwenye kitanda cha kamba cha binti yake Kudsia, ambaye harusi yake ilikuwa mwezi uliofuata, na pale haikusikika kwenye mbao wala kwenye chuma, ilisikika ndani ya kinywa cha mtoto wake.

Kudsia akafumbua macho. Meno yalikuwa yamebanana. Akajishika mataya, akavuta, machozi yakimtiririka masikioni. Kisha ikatoka sauti katikati ya meno yale yaliyofungwa, sauti ya kiume, ya upole kabisa.

"Fundi," ilisema. "Nifungulie. Nilikuwa napita tu."

Walimwita Shah Miyan, mganga wa kaburi la walii lililo nje ya lango la mji, mzee mfupi mwenye pumu na hasira za karibu. Alikuja na ubani wake. Na kwa kuwa habari za bi harusi hazifichiki, alikuja pia Mzee Wilayat, mkuu wa mafundi wa makufuli na baba wa kijana aliyemposa Kudsia, pamoja na mafundi wanne wa mtaani. Mzee Wilayat alikuwa amekwisha kusema hadharani kwamba akichoka yeye, ukuu utakwenda kwa Tajammul mwenye hataza. Wanawake waliketi nyuma ya pazia. Kudsia alilazwa katikati, shela limemfunika hadi kidevuni, hajala siku ya tatu, midomo imepasuka kwa kiu.

"Wewe uliye ndani," Shah Miyan alisema, "una ugomvi gani na msichana huyu?"

"Sina ugomvi naye," ile sauti ilijibu kati ya meno. "Nina wanangu wananingoja Kalkuta. Nilikuwa napita, mtu akanifungia ndani ya chuma. Nimefungwa, ndiyo maana nafunga. Kila nikigusa kitu kinafungika."

"Nani alikufungia?"

"Aliyeapa kuwa kufuli ni lake. Nilimsikia kwa masikio yangu. Basi na alifungue, niende zangu."

Kila mtu akapumua. Mzee Wilayat hata alicheka. "Ala! Kumbe jambo dogo. Fundi, fungua jini wa watu aende kwa wanawe, nasi tupate bi harusi wetu."

Tajammul aliliteremsha kufuli kutoka shubakani. Lilimchoma viganja. Aliushika ule ufunguo ulioning'inia mdomoni mwa kufuli, akauzungusha kulia, akauzungusha kushoto, akaubembeleza kama mtu anayembembeleza punda. Jasho likamdondoka puani.

"Vipi, bwana?" Mzee Wilayat alimtania. "Umelizaa mwenyewe, mbona halikujui?"

Mafundi wakacheka, kisha wakatazamana, maana hawakuwa wajinga. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Nyuma ya pazia Najiban alikohoa, mara moja tu.

"Kaka," alisema taratibu. "Mtoto anakufa kiu."

"Nani kalitengeneza?" ikauliza ile sauti, na safari hii upole ulikuwa umepungua, na miguu ya kitanda ikaanza kutikisika. "Fundi, ni nani? Taja nitoke."

Tajammul alimtazama binti yake. Akawatazama wale wanaume watano, mmoja mmoja, nyuso alizokulia nazo. Lilikuwa neno moja tu lililotakiwa.

"Mimi," alisema. "Mimi... pamoja na dada yangu. Alinisaidia kusugua."

Kisha mkono wa Najiban ukatoka chini ya pazia, mkono mwembamba wenye makovu ya tupa, ukachukua kufuli. Alibonyeza kwa ukucha msumari mdogo ambao macho ya Tajammul yalikuwa yameupita mara mia akidhani ni pambo, akaurudisha ufunguo nyuma, na pete ikaruka. Upepo ukazunguka chumbani, ukayapasua mapazia ya nyasi, ukatoka. Mtaa mzima ulisikia mbwa wakilia kuelekea stesheni. Nyumbani mle kijaluba, sanduku, madirisha, vyote vikafunguka kwa pamoja, na Kudsia akafumbua kinywa na kunywa maji hadi kata ikaisha.

Wakamshukuru Allah. Mama yake akamkumbatia. "Sema kitu, mwanangu. Niite."

Kudsia akafungua midomo. Ulimi ukasogea, pumzi ikatoka. Sauti haikutoka.

Shah Miyan alimvuta Tajammul hadi uani, chini ya dirisha la chumba kile, ambalo sasa lilikuwa wazi.

"Jini ameondoka," alisema, akihema kwa pumu. "Lakini wewe umempa nusu ya neno, naye amekurudishia nusu ya mtoto. Usinitazame hivyo. Hakuna hirizi ya jambo hili. Kasimame mbele ya watu wale wale, useme neno zima. Sauti itarudi siku hiyo hiyo."

"Nitasema," Tajammul alisema akilia kwelikweli, kamasi zikimtoka. "Wallahi, Shah Miyan, leo hii nitasema."

Alirudi ndani na kuwakuta wamekwisha kuagana. Mzee Wilayat alikuwa akimwambia kila mtu namna Fundi Tajammul alivyo muungwana, kwamba hata dada wa kusugua tupa humtaja mbele za watu. "Nani kati yenu angefanya hivyo?" aliuliza. Tajammul akasema moyoni, kesho. Kesho yake ikaja na kesho yake. Watu waliambiwa binti anaumwa koo, daktari kamkataza kuongea. Najiban hakumlaumu. Alimwekea chakula kama kawaida, akakaa na tupa yake, na ule mkwaruzo wa tupa Tajammul aliusikia asubuhi hadi jioni.

Siku ya harusi wanaume wale wale watano waliketi barazani juu ya mikeka mieupe, na kadhi katikati yao. Tajammul, kama baba mwozeshaji, aliingia ndani pamoja na Mzee Wilayat na shahidi mwingine kupokea ridhaa ya binti. Kudsia alikuwa ameketi nyuma ya pazia jepesi, mikono ina hina. Najiban alikuwa kando yake.

"Kudsia binti Tajammul," alisema shahidi, "umeridhia kuolewa na Latafat bin Wilayat kwa mahari iliyotajwa?"

Pazia lilitikisika. Ukatoka mkono wa hina, ukamshika Tajammul kwenye mkono wa kanzu, ukavuta kwa nguvu zote. Nyuma ya kitambaa aliona kinywa cha mtoto wake kikifunguka na kufumbika, kikifunguka na kufumbika, na macho yanamtazama yeye, si shahidi. Alikuwa amelala pale siku ile, alikuwa amesikia kila kitu. Alijua sauti yake iko wapi.

"Kaka," Najiban alinong'ona. "Sema. Wote wapo, hata wa barazani wanasikia."

Shahidi akauliza mara ya pili. Akauliza mara ya tatu. Tajammul akafungua kinywa, akamwona Mzee Wilayat akimtabasamia kwa mapenzi, ameshika mikononi kile kilemba cha ukuu alichopanga kumvika baada ya nikaha.

"Kunyamaza kwa bikira ni ridhaa yake," alisema Mzee Wilayat, amefurahi. "Sheria iko wazi. Mashallah, siku hizi wapi utampata msichana mwenye haya namna hii?"

Vidole vya hina vikaachia kanzu, kimoja baada ya kingine.

"Ndivyo tulivyomlea," Tajammul akasema.