Bastola Ndogo ya Rangi na Baiskeli ya Baba

Kila Jumamosi asubuhi mimi hukaa barazani na kikombe cha chai, nikitazama ng'ambo ya barabara. Ng'ambo kuna banda la mdogo wangu, Coral. Mlango wake huwa wazi makusudi. Ndani zinaning'inia baiskeli za watoto, zile za magurudumu matatu, nyekundu na kijani. Zinang'aa mpaka zinaudhi.

Naitwa Thelma. Mimi na Coral sote tunafufua baiskeli kuukuu. Hapa Horsham, mji wetu wa Australia, kwenye maonyesho ya Oktoba, kuna meza ya vitu vilivyofufuliwa, na mshindi wa kwanza hupewa utepe wa bluu. Coral ameuchukua miaka mitatu mfululizo. Tepe zake amezitundika dirishani, upande unaotazama kwangu.

Basi nilimwonea wivu mdogo wangu, sifichi. Mimi nilipaka kwa brashi, rangi ikatoka na michirizi. Yeye alitumia rangi ya unga. Unga huo mkavu hurushwa kwa bastola ya umeme, ukakishika chuma. Kisha chuma huokwa, unga ukayeyuka na kuwa rangi ngumu.

Mwaka huu nilikuwa na kitu ambacho Coral hana. Baba alipohamia nyumba ya wazee, alinipa mimi baiskeli ndogo ya magurudumu matatu aliyotuundia tulipokuwa wadogo. Coral alisimama pale pale. Aliona ikikabidhiwa kwangu.

"Kwa baiskeli hii nitamzika," nilimwambia mume wangu, Lindsay.

"Utamzika mdogo wako kwa baiskeli?"

"Kunywa chai yako."

Nilikwenda dukani nikanunua bastola kubwa kuliko zote, ya kiwandani. Sikuuliza swali hata moja. Nilitaka iwe kubwa kuliko ya Coral, ingawa ya Coral sikuwahi kuiona. Bastola hiyo ilihitaji hewa nyingi, kwa hiyo nikanunua na kompresa kubwa ya kuipa hewa.

Nyumbani, plagi ya kompresa ikakataa kuingia kwenye soketi. Pini yake moja, ile ya waya wa ardhini, ilikuwa pana kuliko tundu. Kila mtu hapa kwetu anajua ujanja wa kufanya, na kila mtu anajua umekatazwa. Nikachukua tupa, nikaanza kuichonga pini.

Jirani yetu Ngaire akaingia, amekuja kurudisha bati langu la keki. Ngaire alipaka mageti rangi ya unga kiwandani kwa miaka ishirini.

"Thelma, weka hiyo tupa chini."

"Nachonga kidogo tu. Mwenzio ana haraka."

"Haraka ya kuchoma nyumba? Pini hiyo imefanywa pana makusudi. Kompresa hii inavuta umeme mwingi. Waya wa soketi yako ni mwembamba, utapata moto ndani ya ukuta. Ukitaka kuitumia, fundi umeme akuwekee soketi yake. Lakini hebu niambie, ya nini yote haya?"

"Ya kumshinda Coral."

"Nimekuuliza unapaka nini."

Nikamwonyesha baiskeli ya baba. Ngaire akaitikisia kichwa ile bastola, akacheka.

"Hiyo ni ya kupaka mageti kutwa nzima. Kwa vitu vidogo, bastola ndogo ya nyumbani inatosha. Inataka hewa kidogo sana. Kile kikompresa chako cha kujazia matairi kinafaa, ila ukifungie kichujio cha maji. Unga ukipata unyevu unashikana mabonge."

"Zote ndogo ni sawa?"

"Hapana. Tafuta yenye kupunguza na kuongeza nguvu ya umeme. Kwenye pembe, umeme ukiwa mwingi unga hukataa kuingia ndani, kwa hiyo unapunguza. Na iwe na vikopo vya unga vya akiba, kila rangi na kikopo chake. Uliza pia kama vipuri vinapatikana. Lakini kabla ya bastola, pima oveni. Kisichoingia kwenye oveni hukipaki, hata uwe na bastola ya dhahabu."

Mimi na Ngaire tukageuka kutazama jikoni. Lindsay alikuwa ameshasimama mbele ya oveni, amekunja mikono.

"Huyu ana akili," Ngaire akasema. "Oveni ya rangi haipiki chakula tena, kamwe. Tafuta kuukuu, ya umeme, si ya gesi. Iweke bandani, mbali na moto. Unga ukiwa hewani unaweza kulipuka. Na uvae barakoa."

"Wewe umeyajuaje ya bastola ndogo?"

"Ya Coral nilimchagulia mimi."

Iliniuma. "Mbona mimi hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Kila nikija unaniuliza Coral anapaka nini safari hii."

Jumatatu nikarudisha bastola. Kompresa walikataa kuipokea, maana pini ilikuwa imechongwa. Ilibidi fundi abadilishe plagi kwanza, na maneno aliyonipa sitayaandika.

Nikanunua bastola ndogo. Lindsay akapata oveni pana iliyotupwa kando ya barabara. Rangi ya zamani ya baiskeli sikuikwangua kavu, kwa sababu Ngaire aliniambia rangi za enzi hizo zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Niliitoa kwa dawa, nimevaa glavu. Nikaosha chuma mpaka kitambaa kikatoka cheupe.

Nilijaribu kwanza kwenye kipande cha chuma, kikatoka vizuri. Kesho yake, kwenye fremu, unga uliporomoka wote sakafuni. Nikamwita Ngaire.

"Kibanio cha waya wa ardhini wa bastola umekibana wapi?"

"Kwenye ndoano inayoning'iniza fremu."

"Ndoano yenyewe ina rangi uliyoijaribia jana. Umeme hauna njia. Ikwangue mpaka chuma kionekane."

Nikaikwangua. Safari hii unga ulishika kila mahali, laini, hadi kwenye pembe. Nikazima, nikagusisha ncha ya bastola kwenye chuma kumaliza umeme uliobaki. Halafu nikaoka kama pakiti ilivyoelekeza, nikianza kuhesabu dakika chuma chenyewe kilipofika joto lake. Fremu ilitoka ya manjano, kama ilivyokuwa utotoni. Nililia kidogo bandani.

Siku ya maonyesho, utepe wa bluu ulikuwa kwenye baiskeli ya baba. Coral alipata wa pili.

Nilikuwa nimengoja miaka mitatu kuuona uso wake. Nikauona. Hakuutazama utepe. Aliutazama usukani, akaushika mahali alipokuwa akishika alipokuwa na miaka minne. Macho yake nilikuwa nayajua, ndiyo yangu ya kila Jumamosi barazani.

"Baba alikupa wewe," akasema polepole. "Hata hakuniuliza."

Utamu wote ukanitoka. Nikaufungua utepe, nikautia mfukoni.

"Mdogo wangu, leo baiskeli inakwenda kwako. Mwaka mmoja kwako, mwaka mmoja kwangu."

Akaikagua fremu kwa kidole, chini hadi kwenye pembe. "Umetumia bastola gani, dada?"

"Ndogo. Kama yako."

"Hm." Akaiinua kwapani. "Nitaipaka nyekundu."

"Thubutu uone."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kunywea chai bandani kwake. Baiskeli ya baba bado ni ya manjano.